Mwanamke wa nikabu: tumuogope, tumukataze, ama tumuache apite? Yaya anajibu barua za Goma

Mwezi huu barua karibu zote zimekuja na jambo moja, nikabu, ile nguo ya kufunika uso inayoacha macho peke yake. Nafikiri ni ju ya habari za Uswisi. Kule watu walipiga kura tarehe 7 Machi 2021, asilimia 51.2 wakakubali uso usifunikwe mahali pa watu wote, na sheria yenyewe imeanza kazi tarehe 1 Januari 2025, anayevunja anaweza kulipa hadi faranga 1,000. Sasa na hapa kwetu watu wanaulizana kwenye moto (pikipiki), sokoni, hata kanisani, kama na sisi tufanye vile. Nimechagua barua nne. Kama yako haikutoka usikasirike, soma hizi, pengine jibu lako limo ndani.

SWALI

Yaya, mimi nauza liputa (vitenge) hapa Birere, niko mkristo, sina chuki na waislamu, jirani zangu wa mkono wa kuume na wa kushoto wote ni waislamu na tunakopeshana hadi chumvi. Lakini ndugu zetu wa Beni wanamalizwa na waasi wa ADF na wale ADF wanasema wanapigana ju ya dini. Sasa mama anaingia kwenye butiki yangu kafunikwa mwili mzima, hata mikono iko na glavu, mimi najuaje kama ni mama kweli ama ni mwanaume mwenye bunduki? Ufaransa walikataza. Brazzaville walikataza. Hata Tchad yenye waislamu wengi walikataza. Sisi tunangoja nini?
*Muuzaji wa Birere*

JIBU

Kaka, aksanti kwa kuandika vile unavyofikiri, ju wengi wanasema maneno haya kwa sauti ya chini halafu mama wa nikabu akipita wanamwangalia tu kwa jicho baya, na hiyo haisaidii mtu.

Hofu yako naielewa na sitaicheka. Mauaji ya Beni yalianza Oktoba 2014, na wengi wetu hapa Goma tuko na mtu tuliyemzika kule, ama familia iliyokimbia ikaja kulala sebuleni kwetu. ADF ni kundi lililotoka Uganda miaka ya tisini, na tangu 2019 Dola la Kiislamu linatangaza mashambulizi yao kama yake. Hayo ni ya kweli. Lakini kaka, tuangalie vile wanavyoua. Wanakuja usiku, ama wanawakuta watu shambani na kwenye njia za msituni, na panga na bunduki, na waliopona wameeleza mara nyingi kwamba wengine walikuwa wamevaa uniforme ya jeshi. Mbona hatusemi kila mwenye uniforme afukuzwe butikini? Na wanaua waislamu pia. Mei 2021 imamu mmoja aliyekuwa anawapinga waziwazi alipigwa risasi ndani ya msikiti mkuu wa Beni wakati wa sala, na kabla mwezi haujaisha imamu mwingine akauawa Mavivi, karibu na Beni. Huyo mama anayeingia kwako kununua liputa naye amelia ju ya watu hao hao.

Sasa nchi ulizozitaja. Kila moja iko na sababu yake na usizitie zote kwenye kapu moja.

Tchad walikataza Juni 2015, siku mbili tu kisha mabomu ya N'Djamena ya tarehe 15. Walikuwa na vita na Boko Haram na hasira ilikuwa bado moto, naelewa. Lakini angalia kilichofuata. Tarehe 11 Julai mwaka huo huo, nikabu ikiwa imeshakatazwa, mwanaume aliyevaa kama mwanamke aliyejifunika akajilipua kwenye soko kubwa la N'Djamena na watu zaidi ya kumi wakafa. Mtu aliyekwisha kuamua kufa hawezi kuogopa amande (faini). Kilichomzuia asifike katikati ya soko ni watu waliokuwa wanakagua mlangoni. Hapo njo kuna somo kwetu: ukaguzi wa mlangoni, wa kila mtu, mwenye nikabu na mwenye koti refu na mwenye mfuko mkubwa wa mgongoni.

Kamerun nao, mkoa wa Kaskazini ya Mbali, walikataza Julai 2015 kisha mabomu ya Fotokol. Gabon ikafuata. Brazzaville, jirani zetu wa ng'ambo ya mto, wao walitangulia wote, Mei 2015, na kwao hakukuwa hata bomu moja la namna hiyo, walisema ni kujikinga. Waislamu wa kule ni wachache, wanawake wa nikabu wachache zaidi, na hapo mimi nauliza walikuwa wanajikinga na nani hasa.

Ufaransa ni hadithi nyingine kabisa. Sheria yao ilipitishwa Septemba 2010 ikaanza tarehe 11 Aprili 2011, amande hadi yuro 150, na hoja yao kubwa haikuwa mabomu, ilikuwa kwamba watu wakiishi pamoja lazima waonane nyuso. Mwaka 2009 wizara yao ya mambo ya ndani ilikadiria wanawake waliojifunika hivo ni karibu 1,900 nchi nzima, nchi ya watu zaidi ya milioni 60! Mwanamke mmoja akapeleka kesi mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya kule Strasbourg, na Julai 2014 majaji wakasema Ufaransa iko na haki ju ya hoja ya kuishi pamoja. Lakini Oktoba 2018 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ikaangalia malalamiko ya wanawake wengine wawili ikasema hapana, Ufaransa imevunja haki yao. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema mambo haya yamekwisha amuliwa huko Ulaya, mwambie wakubwa wenyewe hawajakubaliana. Na mwaka 2020, wakati wa Covid, Ufaransa hiyo hiyo ikalazimisha kila mtu afunike pua na mdomo kwenye metro na basi. Watu waliendelea kuishi pamoja, wakasalimiana, wakauziana mkate, kama sisi hapa tulivyouziana makala (makaa) na sombe na barakoa usoni. Kwangu hoja ya "bila uso hatuwezi kuishi pamoja" ilianguka mwaka ule.

Sisi tuko na katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006. Kifungu cha 1 kinasema nchi yetu ni ya laiki, yani serikali haina dini, na kifungu cha 22 kinampa kila mtu haki ya kuonyesha dini yake, peke yake ama na wenzake, hadharani ama kwa siri, bora aheshimu sheria, utulivu wa watu, tabia njema na haki za wengine. Mimi nasema wazi: nikabu barabarani isikatazwe Kongo. Tukianza kumuvua mama nguo yake ju mwanaume wa msituni kafanya ubaya, tunamwadhibu aliye karibu ju yule wa mbali hatumufikii.

Na butikini kwako ufanye nini? Msalimie. Sauti utaisikia. Halafu angalia mikono, kaka, wewe ni muuza liputa unajua mnunuzi wa kweli anavyofanya: atavua ile glavu, atafinya kitambaa kati ya kidole gumba na cha shahada, atageuza pindo asome maandishi ya pembeni kama ni super wax ya kweli, pengine atalamba kidole na kusugua aone kama rangi inatoka, kisha atakwambia bei yako ni ya wizi. Ukitaka kukagua mifuko mlangoni kagua ya wote, hata ya mchungaji wako.

SWALI

Salamu alekum Yaya. Niko na miaka 24, naishi Majengo, navaa nikabu kwa hiari yangu, hakuna mwanaume aliyenilazimisha, mama yangu mzazi hata havai. Mwezi jana nilienda biro moja kutafuta karatasi, yule ajenti akaniambia "toa hiyo kitu" mbele ya wanaume karibu kumi, nikamuomba aniitie mwanamke, akanyoosha mkono akaivuta mwenyewe na pini ikanikwaruza shavu. Watu walicheka. Nilitoka bila karatasi. Je, sheria inasema nini? Na foto ya karte ya lekta (kadi ya kupiga kura) nitafanya aje? Na mpakani, pale Petite Barrière?
*Dada wa Majengo*

JIBU

Alekum salam mdogo wangu. Barua yako nimeisoma nikasimama kwanza. Pole sana. Huyo mtu alifanya kosa, na waliocheka nao walifanya kosa.

Tutenganishe mambo mawili ju wengi wanayachanganya. Kuonyesha uso wako ili ujulikane wewe ni nani, hilo serikali iko na haki ya kuliomba. Kitambulisho ni foto na mtu, na bila uso foto haina kazi. Lakini kuomba kuona uso siyo ruhusa ya kukushika. Hakuna ajenti mwenye haki ya kutia mkono usoni kwa mwanamke na kumvua nguo kwa nguvu mbele ya watu, awe muislamu awe mkatoliki awe hana dini.

Karte ya lekta, na unajua hapa Kongo kwa miaka mingi karte hiyo njo tumeifanya kitambulisho chetu cha kila kitu, foto yake lazima ionyeshe uso wote, kuanzia paji hadi kidevu. Nikabu itatoka kwa ile dakika ya foto. Usipigane ju ya hilo, ju karte isiyo na uso mtu mwingine anaweza kuitumia, na wa kwanza kuumia utakuwa wewe. Hata dini yako haikufungi hapo: kwenye hija mwanamke aliye ndani ya ihramu amekatazwa kuvaa nikabu, hadithi ya Mtume iko ndani ya kitabu cha Bukhari, na pale anazungukwa na wanaume kwa maelfu.

Namna ya kufanya ni hii. Usingoje hadi ufike mbele ya meza, ju hapo ajenti amechoka, watu nyuma wanasukuma, na kila neno linakuwa ugomvi. Fika mapema, muone mkubwa wa pale, ama mwanamke yeyote mfanyakazi, mwambie "nafunika uso, niko tayari kuonyesha, naomba nionyeshe kwa mwanamke." Ukipata mwanamke mnaenda pembeni, unainua mwenyewe kwa mkono wako, anaangalia foto, anakuangalia wewe, imekwisha, haichukui hata dakika. Kama hakuna mwanamke uliza kama kuna chumba ama hata pazia. Na kwenda na mama yako ama dada ni vizuri, shahidi anatuliza watu.

Petite Barrière ni vile vile, ila kumbuka pale kuna pande mbili na Rwanda iko na utaratibu wake, siyo wa kwetu. Asubuhi ule mstari wa mamama wenye mabeseni ya nyanya na viazi unasukuma kama maji, kwa hiyo siku ya kwanza nenda saa ambayo watu wamepungua, jijulishe kwa wanawake wanaokagua pande zote mbili. Wakishakuzoea macho na sauti utapita kirahisi, ingawa uso bado wanaweza kuuomba siku yoyote, na ukiombwa uonyeshe.

Kuna mwanamke mmoja wa Kanada, Zunera Ishaq, nataka ujue habari yake. Serikali ya kule ilimwambia hawezi kuapa kiapo cha uraia na nikabu. Yeye hakukataa kujulikana, alionyesha uso wake faragha kwa mfanyakazi kabla ya sherehe, akasema nimeshajulikana, sasa niache niape nilivyo. Mahakama zikampa haki, na Oktoba 2015 akaapa na nikabu yake. Hiyo njo njia ninayoitetea hata kwetu, uso uonekane pale unapohitajika na kwa yule anayeuhitaji, basi.

Ju ya yule ajenti: andika leo, kabla hujasahau, siku, saa, biro gani, alivaa nini, nani alikuwepo. Kama alama ya pini bado iko piga foto. Nenda na hiyo karatasi kwa viongozi wa COMICO, wao njo jumuiya ya kiislamu inayojulikana na serikali na wanaweza kwenda nawe kwa mkubwa wa biro ile, na hilo peke yake linatosha mara nyingi kupata karatasi yako na kuombwa msamaha. Isipotosha kuna maavoka (mawakili) wa haki za binadamu hapa Goma wanaosikiliza wanawake bila kulipisha. Usikae na jambo hili tumboni mdogo wangu, na karatasi yako uirudie.

SWALI

Yaya, mimi nasoma iniversite, miaka 21. Mchumba wangu anafanya biashara ya Dubai, zamani hakuwa na maneno, sasa kila akirudi analeta sharti mpya. Ya mwisho anasema bila nikabu anavunja posa. Baba yangu anafundisha watoto Kurani na anasema uso siyo lazima. Mama anasema nikubali tu, tukioana nitavua polepole. Nampenda lakini moyo unakataa. Uso ni lazima ama siyo lazima?
*Binti wa Katindo*

JIBU

Binti, mimi siyo sheikh na sitajifanya, lakini hili limeandikwa na wanavyuoni kwa karne nyingi na halina siri. Aya wanazozungumzia ni sura ya 24 aya ya 31 na sura ya 33 aya ya 59. Wengi wa madhehebu ya Hanafi na Maliki wanasema uso na viganja vya mikono siyo sehemu ya kufunikwa kwa lazima. Wahanbali wengi, na Washafii wengi pia, wanasema ufunikwe mbele ya wanaume wasio mahramu, yani wasio ndugu wa karibu ambao hawawezi kumuoa. Na hata leo wanagombana: Oktoba 2009 sheikh mkuu wa Al-Azhar kule Misri, Tantawi, alimwambia msichana wa shule avue nikabu kwa sababu ni mila na siyo ibada, na waislamu wengi wakamkasirikia vibaya sana. Baba yako basi hajatoka nje ya dini. Mchumba wako naye hajazua jambo jipya. Akisema "dini inasema" na kunyamaza hapo, ujue amekupa nusu ya maneno.

Waislamu wengi wa kwetu, wa hapa na wa Kasongo na Kindu ambako Uislamu wetu ulipitia na misafara ya karne ya 19, wanafunga kitambala na uso uko wazi, na hakuna aliyewaambia mama zao ni makafiri.

Lakini binti, mimi naona swali lako la kweli liko kwingine. "Kila akirudi analeta sharti mpya." Leo ni nikabu. Kesho ni iniversite? Kesho kutwa ni simu? Muulize hivyo hivyo, baba yako akiwepo, na umsikilize anavyojibu kuliko anachojibu. Nimemtetea dada wa Majengo hapo juu kwa nguvu zangu zote ju aliivaa mwenyewe. Anayemlazimisha mwanamke kuvaa na anayemvua kwa nguvu, mimi siwaoni tofauti. Ile sheria ya Ufaransa nimeipinga, lakini iko na kipande kimoja ninachokikubali: anayemlazimisha mwanamke kufunika uso anaweza kufungwa mwaka mmoja na kulipa hadi yuro 30,000.

Wazo la mama yako sikubaliani nalo hata kidogo, mama anisamehe. Utaingia ndoa na uongo, na siku ukivua yeye atasema ulimdanganya, na atakuwa na haki. Sema sasa. Nikaha ni mkataba, mwanamke anaruhusiwa kuweka masharti yake ndani, masheikh wanatofautiana tu kwa upana wake, kwa hiyo kama mtaendelea iandikwe kwamba utamaliza masomo na kwamba uso wako ni uamuzi wako. Kisha mpite komini muandikishe ndoa ya serikali. Katiba yetu kifungu cha 40 inakupa haki ya kuoana na umtakaye, na sheria ya familia iliyorekebishwa 2016 iliondoa ile habari ya mke kungoja ruhusa ya mume ndipo aweke sahihi yake kwenye karatasi. Akikataa kuandika hayo, posa ivunjike mapema, mahari itarudi na utalia mwezi mmoja ama miwili.

SWALI

Nafundisha shule ya sekondari. Kuna mwanafunzi wa nikabu, mwenye akili sana. Mwenzangu anasema asiingie ekzame ju anaweza kutuma mtu mwingine. Prefe (mkuu wa shule) ananiuliza mimi. Tufanye aje?
*Mwalimu wa Himbi*

JIBU

Mwalimu, mwenzako ameona hatari ya kweli akaitolea dawa mbaya. Kubadilishana watu kwenye ekzame kupo, na wanaofanya hivo wengi wao ni wavulana wenye nyuso wazi kabisa. Mwekeni mwalimu mwanamke mlangoni, amuangalie uso na foto kabla ya kuingia, aangalie na masikio pia kama hakuna ekuta za simu, na akitoka kwenda choo akirudi aangaliwe tena. Kama hamna mwalimu mwanamke ekzame hiyo, ombeni wa shule jirani ama mama wa sekreteria. Muonye msichana na wazazi wake wiki moja mbele ili asishtuke mlangoni. Darasani, kama sauti yake haisikiki vizuri mkalisheni mstari wa mbele. Na prefe asimfukuze mtoto mwenye akili, tafadhali, tunao wachache wa sayansi.